Sura ya Tano: Siku, Mahali na Shahidi

Swali linaloizaa sura hii huulizwa kwa namna mbili. Mwalimu wa shule ya msingi huuliza: "Kila Januari naanza kusoma ili nijiendeleze, mbona Pasaka ikifika nimeshaacha?" Fundi pikipiki naye ana lake: "Mikono yangu inaijua kazi hii kuliko mtu yeyote mtaani, mbona bado napigiwa bei ya kijana aliyeanza jana?" Nangara, katika mji wa Babati, utayasikia yote mawili kwenye kibanda kimoja cha chai. Mwalimu ana nia, lakini kila asubuhi anaanza upya kujishawishi. Fundi hana shida ya kujishawishi, kwa maana kazini yupo kila siku. Shida yake ni kwamba hakuna anachokifanya leo kitakachoonekana mwakani. Nitawajibu kwa pamoja, kwa sababu dawa yao inakaribiana.

Kwanza tuelewane. Ninaposema tabia katika kitabu hiki, nina maana ya jambo unalolirudia wakati uleule au mahali palepale, hadi inafika siku ambayo hujadiliani tena na nafsi yako kabla ya kulianza. Kupiga mswaki ni tabia. "Nitajitahidi zaidi mwaka huu" ni maneno mazuri tu.

Mji wa njia panda

Babati iko pale barabara za Arusha, Dodoma na Singida zinapokutana, kati ya Mlima Kwaraa na ziwa lenye viboko. Kwa muda mrefu wasafiri waliijua kama mahali pa kula na kuondoka. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha, Babati ikawa makao makuu, na ofisi zikafuata. Mwaka 2018 ikazinduliwa lami ya kilomita 251 kwenda Dodoma.

Kazi zilikuja, na washindani wake wakaja nazo. Karani aliyeajiriwa kwa cheti cha kidato cha nne leo anakaa meza moja na kijana mwenye shahada. Fundi wa Nangara anashindana na fundi anayetoka Arusha asubuhi, anafunga mashine na kurudi jioni. Katika mji wa namna hii, mtu anayefanya kazi ileile vizuri kwa namna ileile anabaki nyuma bila kosa lolote la kwake. Hili linauma, na sioni sababu ya kulipaka sukari.

Sanduku lenye kufuli tatu

Watu wanapotaka kujifunza jinsi ya kujenga tabia, wengi hukimbilia video za wahamasishaji. Mimi nawapeleka kwenye kikundi cha hisa.

Katika mitaa ya Nangara, kama ilivyo karibu kila kata nchini, kuna vikundi ambavyo watu wengi huviita VICOBA hata vile ambavyo kwa utaratibu wake si VICOBA hasa. Wanachama ishirini na kitu wanakutana siku moja kila wiki, saa ileile, nyumba ileile. Kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake wanazo watu watatu tofauti, hivyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Kila mwanachama ananunua hisa, kwa kawaida kuanzia moja hadi tano, mbele ya wenzake wote, na kila hisa inagongwa muhuri kwenye kitabu chake. Ukichelewa, katibu hakuhubirii. Anakuangalia tu na kusema, "Dada, faini." Unatoa mia tano yako, unaketi, kikao kinaendelea.

Mfumo wa sanduku haukubuniwa na wataalamu wa fedha wa mijini. Ulipangwa mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini ambao wengi wao hawakujua kusoma, kisha ukasambaa Afrika nzima. Ulisambaa kwa sababu ulitatua jambo ambalo mishahara mikubwa imeshindwa kulitatua: kumfanya mtu afanye kitu kidogo kilekile wiki baada ya wiki.

Mtazame mama anayeuza mboga sokoni. Nyumbani, anakuambia mwenyewe, akiba haikai. Mtoto anataka daftari, mume ana shida, jirani anakopa. Mama huyohuyo ananunua hisa zake kila wiki kwa mwaka mzima, masika yote, akija kikaoni na mabuti yenye matope hadi kwenye vifundo. Je, anapoingia kwenye kikao anageuka kuwa mtu mwenye nguvu nyingine ya moyo? Hapana. Ni yuleyule. Kilichobadilika ni mazingira yake, na mazingira hayo yana mambo matatu:

1. Siku na saa ambazo yeye hakuzichagua leo asubuhi. Ziliamuliwa zamani, kwa hiyo hakuna mjadala.
2. Mahali panapojulikana, ambapo ukifika kitu cha kufanya ni kimoja.
3. Watu watakaojua asipofanya.

Faini ni nyongeza. Watu huifikiria sana kwa sababu inachekesha, lakini mia tano haijawahi kumtisha mtu mzima. Kinachomleta ni kwamba kiti chake kitaonekana kitupu.

Sasa ichukue nia yako ya kujiendeleza kikazi uipime kwa mambo hayo matatu. "Nitakuwa najisomea jioni." Jioni saa ngapi? Wapi, sebuleni penye televisheni? Nani atajua usiposoma? Kwa watu wengi niliowauliza, majibu ni kimya. Nia hiyo haikuwa na mahali pa kuishi, na mwalimu wetu wa Januari hana haja ya kujiita mvivu.

*Kwa ufupi:* nia moja, siku moja, mahali pamoja, na mtu mmoja wa kukuona. Nia bila hayo matatu iachie watu wanaotengeneza kalenda.

Siku 21 zilitoka wapi?

Utaambiwa na kila mhamasishaji kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Namba hiyo ina historia ya ajabu. Mwaka 1960 daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku kama 21 kuizoea sura mpya kwenye kioo. Watu wakalidondosha neno "angalau", wakasahau habari za pua na kidevu, ikabaki kanuni ya maisha.

Baadaye watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua kitu kimoja kidogo cha kufanya kila siku: kunywa maji, kula tunda, kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Mtu wa katikati alihitaji siku 66 ili jambo lake lianze kujiendesha lenyewe. Waliowahi walikaribia siku 18; kwa waliochelewa, hesabu ilionyesha wangefika siku 254. Kunywa maji kulishika upesi, mazoezi ya mwili yakachelewa.

Kwa mkazi wa Nangara, siku 66 ni kama tangu kupanda mahindi hadi yanapokaribia kutoa mbelewele. Siku 254 zinakaribia kipindi ambacho mbaazi hukaa shambani. Hakuna mkulima anayeng'oa mche wiki ya tatu kwa sababu hajaona tumba. Lakini fundi anayeanza kuweka kumbukumbu za kazi zake huacha wiki ya tatu na kusema, "Hii si yangu."

Utafiti huo ulikuwa na jambo lingine ambalo naliona muhimu kuliko namba: kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Waliokosa mara moja wakaendelea walifika sawa na wengine. Kinachoua tabia ni mtu kukosa Jumanne, akaamua wiki imeharibika, akasubiri Jumatatu, na Jumatatu ikawa mwanzo wa mwezi, kisha ikawa Januari.

Tabia gani sasa?

Hapa ndipo vitabu vingi vinapomwagia msomaji orodha: amka mapema, soma kurasa kumi, kunywa maji mengi, panga malengo. Sina ugomvi na maji. Lakini kama unachotaka ni kupanda kikazi, nina kigezo kimoja tu. Chagua tabia inayoacha alama ambayo mtu mwingine anaweza kuiona baada ya miezi sita. Kuamka saa kumi alfajiri hakuachi alama. Ulichokifanya saa kumi ndicho kinachoiacha.

Turudi kwa fundi pikipiki. Anafungua injini, anatengeneza, mteja anaondoka, mafuta yanapanguswa sakafuni. Kazi ya mwaka mzima imepotea hewani. Akiwa na daftari na simu yenye kamera, kila injini inachukua dakika tatu za ziada: tarehe, aina ya pikipiki, tatizo, alichobadilisha, picha mbili. Baada ya miezi sita ana kitu cha kuonyesha. Mteja mwenye pikipiki kumi za kukodisha, ambaye hana muda wa kusikiliza sifa, anaweza kukiona. Anaweza pia kukipeleka VETA, ambako kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi, yaani fundi aliyejifunza gereji bila kupita darasani anapimwa kwa vitendo na kupewa cheti kinachotambulika. Anayekwenda kupimwa akiwa na daftari anajua anachokijua na asichokijua. Hata picha zinazomtia aibu zina faida hiyo.

Mtumishi wa umma yuko pabaya zaidi, na kosa si lake peke yake. Kuanzia 2004 serikali ilitumia OPRAS, utaratibu wa mtumishi kukubaliana malengo na mkuu wake mwanzoni mwa mwaka na kupimwa mwishoni. Aliyewahi kuwa ofisini anajua kilichotokea: fomu zilijazwa kwa mkupuo Juni inapokaribia kwisha, kila mtu akikumbuka kwa kubuni alichofanya Septemba. Sasa upo PEPMIS, mfumo wa kompyuta unaotaka kazi ziingizwe na kufuatiliwa kadiri zinavyofanyika. Watu wameuhamishia mtindo uleule wa Juni, safari hii wakigombania mtandao usiku.

Tabia ya kumwokoa mtumishi huyu ni ndogo sana. Ijumaa saa tisa alasiri, nusu saa kabla ya kutoka, mezani pake, anaandika mistari mitano: nimefanya nini wiki hii, kwa ajili ya nani, kimefikia wapi, nini kimekwama, nani anakisubiri. Hiyo tu. Wiki hamsini za mistari mitano zinamtosha kwa mfumo, kwa maombi ya kazi yatakayotangazwa kwenye Ajira Portal, na kwa siku atakayoulizwa kwenye usaili aeleze tatizo alilowahi kulitatua. Wengi hushindwa swali hilo wakiwa wametatua matatizo mia.

Naomba nikae kidogo kwenye mbaazi, kwa sababu ndiyo shule ya mji huu. Wakulima wa Babati huipanda pamoja na mahindi. Mahindi yakishavunwa, mbaazi inabaki na kuvunwa baadaye, na sehemu kubwa ya soko lake ni India. Mwaka 2017, mwezi wa Agosti, India iliweka kikomo cha mbaazi inayoingizwa kutoka nje, na bei huku ikaanguka vibaya. Chukulia wanunuzi wadogo wawili walioumia sawasawa msimu ule. Mmoja alibaki na hadithi ya kusikitisha. Mwingine alikuwa na mazoea ya kuandika kila Jumamosi bei ya wiki, jina la aliyenunua, ubora uliokataliwa na sababu yake. Naye alipoteza fedha. Lakini kampuni inapotafuta wakala wa kukusanya mazao Galapo au Dareda, wa pili ana kitu cha kuweka mezani. Daftari halikumkinga na anguko la bei, maana hakuna daftari linaloweza hilo. Lilimfanya aaminike baada ya anguko.

Siku ya msiba

Vitabu vya ng'ambo kuhusu tabia vina kasoro moja inayonichekesha: mtu wao hana ndugu. Anaamka, anakimbia, anasoma, anaandika, hakuna aliyempigia simu. Huku kwetu simu inaita saa kumi na moja alfajiri, shangazi amefariki Bashnet, na kwa siku tatu hakuna mtu wa kukuuliza habari za mistari mitano. Isitoshe kuna mgonjwa hospitalini, kipaimara cha mtoto wa jirani, umeme uliokatika, na bando lililokwisha Ijumaa saa tisa kasoro robo.

Kwa hiyo weka vipimo viwili tangu mwanzo. Kipimo cha siku ya kawaida, na kipimo cha siku mbaya. Anayesomea mitihani ya uhasibu ya NBAA, ambayo hufanyika Mei na Novemba, anaweza kupanga saa moja na nusu kila alfajiri. Kipimo chake cha siku mbaya ni swali moja, kwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni, hata kama atalifanyia kwenye benchi la matanga. Usicheke. Swali moja halimfaulishi mtu CPA. Linazuia tu zile siku tatu zisigeuke kuwa miezi mitatu.

Jambo la pili ni kuifunga tabia mpya kwenye jambo ambalo tayari lipo na halihitaji kukumbushwa. Wanasaikolojia wamelipima hili kwa miaka mingi na kuona linasaidia: anayejiambia "nikishafanya hili, papo hapo nitafanya lile" hutekeleza zaidi kuliko anayejiambia "nitafanya lile". Mifano ya Nangara ni rahisi. Nikishafunga geti la kuku, nafungua kitabu. Nikishamshusha abiria wa mwisho wa asubuhi, naandika mapato kabla sijashuka kwenye pikipiki. Sauti ya kengele ya simu haifai sana kwa kazi hii. Unaizima ukiwa bado umelala.

Umpe nani jukumu la kukuona?

Usimpe bosi. Bosi akishakuwa shahidi, tabia inageuka kuwa maonyesho. Usilipatie kundi la WhatsApp la watu mia mbili pia. Nimekuwa kwenye makundi hayo ya kutiana moyo. Kila asubuhi kuna picha ya mawio ya jua yenye maneno matamu, na hakuna anayejua mwenzake amefanya nini. Shahidi mzuri ni mmoja, au watatu wakizidi, watu wa hali yako, mnaokutana uso kwa uso.

Mwandishi Shaaban Robert alikuwa na shahidi mmoja wa hali yake, ingawa wake alikuwa wa kwenye barua badala ya uso kwa uso. Kuanzia 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha, kisha akahamia ofisi nyingine za serikali ya kikoloni, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake vitabu tunavyovisoma shuleni viliandikwa na mtu aliyekuwa na ajira ya kumlisha. Katika miaka hiyo alimwandikia barua ndugu yake Yusuf Ulenge, aliyekuwa mwalimu. Barua zilizohifadhiwa zinaanzia 1931 hadi 1958, na baadaye zikachapishwa kuwa kitabu. Kulikuwa na mtu mmoja, mbali, anayejua kazi ya ndugu yake imefikia wapi.

Ukimpata mtu wako, mpe taarifa, usimpe ndoto. "Nataka kuwa mhandisi mkuu" humfurahisha msikilizaji, na sifa unazopata hapo zinakushibisha kabla hujafanya lolote. "Wiki hii nimekamilisha michoro miwili, wa tatu umenishinda" ni taarifa. Naye akupe ya kwake. Mkiona inafaa, wekeni faini, hata ya chai na chapati.

*Kwa ufupi:*
- kipimo cha siku ya kawaida na cha siku mbaya
- jambo la zamani la kufungia jipya
- shahidi wa hali yako, anayepokea taarifa

Ukifanya yote na usipande

Inawezekana. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya na upandishaji vyeo ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na watu waliokuwa wamestahili walibaki walipokuwa. Hakuna daftari la Ijumaa lililoweza kuwasogeza. Kuna pia ofisi ambazo cheo hufuata ujamaa na ujirani. Tabia nzuri haimbadilishi mkuu mbaya, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu. Kazi yake ni kukuweka tayari mlango unapofunguka, na mlango una ratiba yake.

Jirani zetu wa Singida wana mfano. Alphonce Simbu alimaliza wa 5 kwenye marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba ya mashindano ya dunia London mwaka 2017, kisha miaka ikapita. Olimpiki ya Paris mwaka 2024 hakuwamo hata katika kumi bora. Septemba 2025 huko Tokyo akawa bingwa wa dunia, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde baada ya zaidi ya saa mbili za kukimbia. Kati ya London na Tokyo hakuna mtu angeweza kumwambia ni asubuhi gani ya mazoezi iliyokuwa na maana.

Lakini si kila subira ni ya busara, na hapo vikundi vya hisa vina somo la mwisho. Havikai milele bila kujitazama. Mzunguko una mwisho wake, kwa kawaida baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili: sanduku linafunguliwa, fedha zinagawanywa, na kabla ya mzunguko mpya wanachama wanaamua nani abaki, hisa iwe bei gani, siku ibadilike au la. Ifanyie tabia yako hivyohivyo. Mwisho wa mzunguko keti na shahidi wako mkiwa na daftari mkononi. Alama ipo? Kuna aliyeiona? Kama kwa mwaka mzima hakuna mlango hata mmoja uliosogea, huenda tabia ni nzuri na ofisi ndiyo isiyofaa, na mistari yako mitano ya kila wiki ianze kuandikwa kwa namna ya barua ya maombi ya kazi. Kama umefaulu mtihani uliokuwa ukiusomea, acha kuamka kwa ajili yake. Saa moja na nusu ya alfajiri imebaki wazi, na kabla televisheni haijaidai, amueni kwenye kikao hichohicho itapewa kazi gani.